Ndovu Aliyekataa Chupa

Juzi mtoto wa dada yangu, msichana wa kuuliza maswali mpaka ujifiche, aliniuliza ndani ya mkonga wa ndovu kukoje. Nikacheka. Hapa Garissa mjini sidhani kuna watu wengi wa kuulizwa swali kama hilo, na yeye bila kujua akawa amempata mmoja. Nikamwambia achukue soksi iliyolowa, aianike kidogo ipate vuguvugu, halafu atie kidole ndani. Sasa fikiria hiyo soksi inapumua. Akakimbia kutafuta soksi. Mimi nikabaki pale na beseni la nguo, povu likinikaukia mikononi, na fikira zangu zikaondoka zenyewe, zikaufuata mto mpaka kule tulikoishi nikiwa mdogo.

Rafiki yangu, kama umewahi kupita njia ya kwenda Masalani, huenda ulipita pale bila kugeuza shingo. Siku hizi hakuna cha kugeuzia shingo. Lakini miaka ile, ukame ulipotumalizia ng'ombe na baba akaondoka na ngamia waliobaki kuelekea upande wa Griftu, sisi wengine tulibaki karibu na mto na mbuzi wetu. Tulikuwa hooyo, ndiye mama kwetu, na ayeeyo, ndiye nyanya, na sisi watoto. Na ng'ambo ya uwanja, nyuma ya ua wa mbao na miba, kulikuwa na kambi ya ndovu yatima.

Watu wetu walicheka sana kambi ilipofunguliwa. Mwanambuzi akifiwa na mama yake tunamlea, hata ndama wa ngamia tunamlea. Lakini ndovu, yule anayebomoa ua wako na kukumalizia maji ya kisima, nani humlea? Halafu walezi wa kambi wakaja kuuliza nani ana maziwa ya mbuzi ya kuwauzia, kicheko kikaisha. Kila asubuhi, baada ya canjeero na chai, mimi na ayeeyo tulivuka uwanja na mitungi yetu. Yeye alitangulia, shuka lake likinukia uunsi ambao hooyo alichoma kila jioni, kijiti cha mswaki kikiwa shavuni. Hakukitoa kijiti hicho ila kwa kula, kuswali na kugombana.

Siku za kwanza alisimama mbali na ndovu, akisema hawezi kuwagusa. Alikuwa na msemo wake kwamba ndovu haoni kupe aliye mgongoni mwake, anaona wa mwenzake. Alikuwa akiwasema majirani, lakini mimi niliuchukua kama habari ya kweli, nikatafuta kupe kwenye migongo ya wale watoto msimu mzima. Sikumpata hata mmoja. Nilipata matope na nywele ngumu kama za ufagio.

Walikuwa wanne. Bura ndiye aliyekuwa mkubwa, jike mpole, mwenye sikio lililochanika ukingoni. Tairi alikuwa dume mkorofi aliyelala na gurudumu kuukuu la lori na asikubali mwingine aliguse. Kisha kulikuwa na wawili ambao hatukuwaita majina, tuliwaita tu Wale Wawili, kwa sababu mmoja alishika mkia wa mwenzake tangu asubuhi mpaka kulala, utadhani anaogopa kuachwa na gari. Adhuhuri wote waliteremka kwenye matope, wakakandamizana na kupanda juu ya wenzao. Tairi alimsukuma kila mtu, halafu yeye ndiye aliyekwama na kulia. Kila mara Bura alirudi kumtoa.

Maswali yangu hayakuisha. Mbona Bura humwagia mwenzake vumbi akiwa amelala? Wakiota, huota nini? Na mbona kila mmoja akila kitu, mwingine huja kumtia mkonga mdomoni, bila hodi? Mlezi mkubwa, Mkamba mmoja mrefu wa kutoka Kitui, aliniambia hiyo ndiyo shule yao. Mtoto wa ndovu hajui jani zuri ni lipi wala baya ni lipi. Anauliza kwa mdomo wa mama yake. Nikasema, na asiye na mama? Mlezi akaonyesha Bura kwa kidevu.

Kisha akaja yule mdogo. Wachungaji walimkuta amezama kwenye matope ya silanga, bwawa la kunyweshea mifugo, lililokuwa likikauka, upande wa Ijara, kundi lake likiwa limeshaondoka. Walimvuta kwa kamba za ngamia. Alipofikishwa kambini alikuwa mdogo kuliko punda wetu, masikio yameungua na jua, kitovu bado kibichi. Ayeeyo alimtazama kwa muda mrefu, akasema huyu ni mgeni, basi jina likawa Mgeni.

Mgeni alikataa chupa. Walezi walitundika blanketi kubwa kambani, apate mahali pa kuegemeza mkonga kama anavyoegemea tumbo la mama, wakaipitisha chupa chini yake. Akageuza uso. Daktari wa wanyama, kijana mwenye sauti ya chini, alijaribu maziwa ya unga, akajaribu ya mbuzi, ya moto kidogo, ya baridi kidogo. Kila aliporudi kuandika joto la mtoto, alikuwa ameinama zaidi. Alituambia wazi kwamba mtoto wa umri huo asipokunywa hana siku nyingi.

Hapo ndipo ayeeyo alipofanya jambo ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya. Kambi ilitutaka tulete maziwa katika mitungi iliyooshwa kwa maji yaliyochemka, basi. Kwetu, chombo cha maziwa hufukizwa kwa kaa la mti mzuri, maziwa yakae na yanukie. Kumpa mgeni maziwa yasiyo na moshi ni kama kumfungulia mlango na kumzimia taa. Ayeeyo alikuwa na hakika mtoto yule amekasirika. Akafukiza mtungi mpaka ukawa mweusi ndani, tukaupeleka. Mgeni alinusa mara moja tu, akarudi kinyumenyume akipiga kelele, akajigonga kwenye ua.

"Mama," daktari alimwambia kwa upole, "kwa ndovu moshi ni msitu unaungua."

"Kwetu ni heshima," ayeeyo akasema. Lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Akauchukua mtungi wake, tukarudi nyumbani.

Aliyemwokoa Mgeni mara ya kwanza ni Bura. Alirudi na wenzake kutoka malishoni, akasikia kilio, akaenda moja kwa moja akasimama juu yake, miguu minne kama nguzo za nyumba na mtoto katikati. Akapewa chupa yake, akanywa. Mgeni akainua mkonga ule mdogo, akautia mdomoni mwa Bura, akapapasa humo ndani kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Kisha akatafuta chupa yake mwenyewe. Mlezi alikuwa nayo tayari. Tulisikia koo lake likifanya glu, glu, na hakuna aliyethubutu kusogea.

Basi ikawa hivyo. Bura akiwapo, Mgeni alikunywa. Bura asipokuwapo, hakunywa. Walilala pamoja, walioga pamoja, hata Tairi akaacha kumsukuma mdogo kwa kuiogopa miguu ya Bura. Akanenepa. Mimi nikaona mambo yameisha.

Hayakuisha. Bura alikuwa amefika umri wa kupelekwa mbuga kubwa, mbali huko kusini, akajifunze na ndovu wa porini kabla hajazoea watu kupita kiasi. Daktari aliahirisha safari kwa kadiri alivyoweza. Ikafika asubuhi lori likarudi nyuma mpaka kwenye tuta la mchanga, Bura akapanda akifuata matawi ya mti wa mswaki, mlango ukafungwa. Mgeni alikimbia kando ya ua mpaka ua ulipokwisha.

Alikataa chupa ya asubuhi, akakataa ya mchana. Mchungaji mmoja akatoa wazo la kwetu. Ngamia akifiwa na ndama, unamletea ngozi ya ndama wake, ananusa, anashusha maziwa. Bura alikuwa akivikwa blanketi usiku wa baridi, basi wakalitundika blanketi lake lenye harufu yake. Mgeni alilinusa lote, upande huu na upande huu, akalizunguka kutazama nyuma. Alipokuta hakuna mtu nyuma, akalala chini. Ngamia hudanganyika, yeye hakudanganyika.

Jioni ile macho yake yalikuwa yameingia ndani. Daktari alipiga magoti, akanywa funda la maziwa mbele yake, akafungua mdomo. Walezi wengine wangecheka siku nyingine. Mgeni alitia ncha ya mkonga, akautoa upesi, akapiga chafya. Dawa ya meno. Mlezi wa Kitui akajaribu, naye alikuwa amekula kitunguu. Mgeni hakuingiza hata nusu ya mkonga.

Ayeeyo alikuwa amesimama na mitungi mitupu. Alinipa mitungi. Akatoa kijiti shavuni, akanipa nacho.

"Leta chupa," akasema.

Mlezi akamwambia, "Ayeeyo, wewe si ulisema huwezi kumgusa?"

"Nilisema mengi. Leta."

Alikaa mchangani, yeye na magoti yake mabaya, akasema Bismillahi, akanywa, akafungua mdomo wake wenye meno machache. Mgeni hakuinuka. Aliuvuta mkonga mchangani taratibu, akaupandisha kwenye shuka, akagusa kidevu, akaingia. Nilimwona ayeeyo akifumba macho. Mkonga ulipapasa humo, ukazunguka kwenye shavu lile la kijiti, ukakaa. Mtoto akapumua pumzi ndefu mpaka shuka la ayeeyo likajaa hewa.

"Ona mwenyewe," ayeeyo alimwambia mtoto alipouachia mdomo, kwa Kiswahili chake ambacho p hugeuka b. "Habana sumu. Kunywa, mwana."

Akanywa. Alimaliza ile, akataka nyingine.

Daktari baadaye alisema anadhani ni mswaki. Bura alishinda kwenye miti ya mswaki ya kando ya mto, mdomo wake ulinuka hivyo kila siku, na ayeeyo naye alikuwa akitafuna huohuo maisha yake yote. Hakuwa na hakika, alisema tu anadhani. Ayeeyo hakumpinga, ila njiani nilipomuuliza kama ni kweli, alitembea kidogo, kisha akaniambia, "Mimi bia nililelewa na maziwa ya watu." Sikuwa nikilijua hilo. Nilimwuliza watu gani, akasema wengi.

Kuanzia hapo ikawa kazi yake. Kabla ya jua kuchomoza na baada ya alasiri alikuwa kule, akinywa funda lake la kwanza. Kijiji kilimsema. Jirani yetu mmoja, mwanamke wa kuchunguza sufuria za wenzake, alimsimamisha kisimani akamwuliza mbele za watu kama udhu wake haujavunjika kwa mate ya ndovu.

"Ndofu ni safi," ayeeyo akamjibu. "Ni domo yako natia shaka."

Kisima kizima kilicheka, na yule jirani akacheka mwisho, ndoo yake ikafurika.

Polepole Mgeni akajifunza kunywa bila kuuliza. Akaja kumsumbua Tairi, akaliiba lile gurudumu, na Tairi akamwachia, sijui kwa nini mpaka leo. Walipofika umri wao, nao wakapelekwa kusini. Ayeeyo alikwenda kumuaga. Mgeni, ambaye sasa alimpita kimo, aliinamisha kichwa akamwekea mkonga mdomoni, na yeye akasimama hivyo, mdomo wazi, mbele ya dereva na watu wote, mpaka mtoto alipotosheka.

Kambi haikukaa sana baada ya hapo. Ilihamishwa mahali penye maji ya uhakika. Mbao za ua zimekuwa mapaa ya nyumba za watu, nimeziona, nyingine bado zina alama za kusuguliwa na ngozi. Shimo la matope limejaa mchanga. Baba alirudi kutoka Griftu, tukahamia mjini, na lugha yote ya pale, kelele za asubuhi, milango, koo zikinywa, haina tena mahali pa kusemwa.

Ayeeyo alituacha mwaka jana. Watu walikuja kutoka Wajir mpaka Liboi. Siku ya pili ya msiba, nikipeleka chai kwa wanaume chini ya turubai, nikamkuta yule mlezi wa Kitui ameketi mkekani na mfuko wa sukari mbele yake, kama mtu wa kwetu, mvi zimemjaa. Bado anafanya kazi na ndovu kulekule kusini. Alikuwa akimsimulia abti, mjomba wangu. Mgeni amekuwa dume kubwa, alisema, anaishi porini, lakini hurudi kwenye ua wa yatima anapotaka mwenyewe. Zamani akiletwa mtoto mpya anayekataa chupa, walezi walihangaika usiku kucha. Siku hizi wakimwona Mgeni karibu wanamwita, wanammiminia maziwa kidogo. Anakuja bila haraka, anasimama kando ya ua, anafungua mdomo, anangoja mtoto amalize kupapasa.

Abti akasema, "Na chupa ya mtoto?"

"Inarudi tupu," mlezi akasema.

Niliweka birika chini, nikaingia kwa wanawake nikamweleza hooyo. Alikuwa hajalia tangu mazishi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta shuka lake kichwani, akaniambia nirudie, polepole.