Kukimbia Hadi Sake Bila Bia

Mtu wa Goma akitaka kwenda Sake hupanda pikipiki. Mimi niliamua kwenda kwa miguu, tena mbio, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni udadisi tu: nilitaka kujua mwili wangu umekuwaje tangu nipunguze pombe. Ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Nilikuwa naenda kumwuliza Muzee Bahati kama angekubali wazee wetu waje kumposa binti yake, Faida.

Muzee Bahati si mgeni kwetu. Volkano ilipolipuka na mji ukaamriwa kuhama, tulitembea hadi Sake na magodoro kichwani. Yeye, mtu wa Masisi asemaye Kinyarwanda, alitufungulia mlango sisi Wanande asiotujua. Tulikunywa kasiksi yake, ile pombe ya ndizi, kwa mrija mmoja. Lakini baadaye waasi walirudi milimani, na watu wakaanza kutazamana kwa pembe ya jicho, kila mmoja na kabila lake.

Alfajiri, mtaani kwetu Mabanga. Nilifunga viatu kizani nikajishangaa: kichwa chepesi, tumbo tulivu. Zamani kikundi chetu kilikimbia Jumapili asubuhi na kunywa Jumapili hadi jioni, kisha Jumatatu kila mtu akalaumu magoti. Siku hizi nakunywa chupa moja baada ya mbio, na kabla ya mbio ndefu sigusi kitu. Wenzangu huniita pasta. Utani wao unaniuma kidogo, sikatai, maana jioni zimekuwa ndefu na sijui nizijaze na nini.

Nilipofika Ndosho, kulikucha. Nilikuwa nimezoea kufika hapo nikitafuta pumzi. Safari hii nilifika nikitafuta harufu za mandazi. Kumbe njia ina harufu! Niliifurahia kama mtoto.

Huko Mugunga nikazua balaa. Mama mmoja muuza makaa aliniona nakuja mbio, akaanza kufunga gunia lake haraka.

"Bamefika?" akapiga kelele.

"Nani, mama?"

"Baasi ba ku milima! Unakimbia nini?"

"Nafanya sport tu, mama."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Mu hii inchi? Kimbia polepole basi, usituue na roho!"

Tukacheka wote wawili, ila nilitembea mpaka nikayapita mahema ya wakimbizi. Huko mtu akikimbia, wengine hawangoji kuuliza sababu.

Kabla ya adhuhuri nikaingia Sake, chumvi imekauka usoni, miguu bado inataka njia. Nilijisikia bingwa. Faida alinisalimia kwa macho tu, akaingia jikoni. Muzee akanikalisha uani, akaleta kibuyu. Akavuta mrija yeye kwanza, kama mwenyeji anavyopaswa, ili mgeni aone hakuna sumu. Kisha akanigeuzia.

Mimi, na akili yangu ya mwanamichezo, nikasema, "Asante muzee, sikunywi leo." Koo lilikuwa limekauka, basi nikatoa chupa yangu mkobani na kuyapiga maji yangu mwenyewe mbele yake.

Jikoni sufuria ikaacha kulia.

"Mu nyumba yangu," alisema taratibu, "unakunywa maji ya ku Goma?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Sisi tunaijua sana hofu ya sumu. Anayekataa kinywaji kilichokwisha kuonjwa, halafu akanywa chake, amesema neno lisilorudi mdomoni.

"Siku ya volkano ulikunywa," akaendelea. "Leo batu ba Goma bamekuambia nini juu yetu?"

"Hapana, muzee! Ni juu ya kukimbia. Nimepunguza pombe. Nalala muzuri, roho haipige sana ku mulima..." Nilisikia jinsi maneno yangu yalivyokuwa membamba.

Akanyoosha mkono. "Leta hiyo."

Akanywa chupa yangu, akakunja uso, akatema. "Munyu! Na sukari! Mutoto, hii njo unakunywa na unaogopa kasiksi yangu?"

"Chumvi njo inasaidia miguu, muzee."

"Umesema umepunguza. Kupunguza ni kuacha?"

Nikavuta mrija, funda moja, nikalishikilia mdomoni kabla ya kumeza. Ilikuwa chachu na tamu, na kwa mara ya kwanza niliisikia ladha yake yote. Zamani nilikuwa naimeza tu. Nikamrudishia kibuyu kwa mikono miwili. Hakunilazimisha tena. Aliniuliza kuhusu usingizi, kuhusu magoti, kama dawa yangu ingemfaa mzee. Suala la Faida halikuguswa, nami sikuthubutu kulianzisha.

Alasiri alinisindikiza hadi barabarani. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Akanishika bega.

"Baba yako na bazee benzake, hao hawakimbie?"

"Hapana, muzee."

"Bon. Uwaambie bakuje na kiu."

Nilirudi Goma kwa pikipiki, nimebeba jibu la swali ambalo sikuliuliza. Nilijifunza kwamba mwili ukipunguziwa pombe unapata nguvu nyingi, na kwamba nguvu hizo zote hazitoshi kumkatalia mwenyeji. Nyumbani baba alikuwa mlangoni.

"Amesema nini?"

Nikamwambia. Baba yangu, ambaye tangu uasi urudi hajala wala kunywa kwa jirani yeyote, aliingia ndani. Kisha akaniomba nimtafutie koti lake la misa.