Viti vya Damu ya Mzee

Mume wangu hakujua kushona. Naanza na hilo kwa sababu Temeke nzima walimwita fundi mpaka siku alipozikwa. Shehe aliyeomba dua alimwita fundi, na mimi niliyekuwa uani na wanawake wenzangu nikauma pindo la kanga nisije nikacheka msibani. Marehemu alijua kubandua. Viti vya gari ukimwekea mbele yake, na bisibisi na koleo mkononi, alivivua nguo zao kuukuu taratibu, bila kuzichana, akavipanga vile vipande sakafuni kimoja kimoja. Ufundi wake ulikomea hapo. Kukata ngozi mpya kwa kufuata vipande hivyo, kuishona, kujaza usumba mpya, zile nyuzi za makumbi ya nazi, na kukivalisha kiti mpaka kikabana, hiyo ilikuwa kazi yangu, chumbani kwangu, pazia limeshushwa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, baada ya ile vita ya pili, magari yalipoanza kuongezeka mjini. Yeye alikuwa kibarua katika gereji ya Mzungu mmoja. Kazi yake kufagia mafuta sakafuni na kushika taa mafundi wakiwa chini ya gari. Huko akaona viti vilivyochanika na jua, vinatoa springi na nyuzi za usumba, na wenyewe wakiambiwa wasubiri vitambaa kutoka Ulaya. Siku moja akafungua mdomo akasema, "Mie naweza kuvishona nyumbani." Mie! Jioni akaja na kiti kichwani, akakitua mlangoni, akaniambia, "Hebu kitazame."

Nilikuwa na cherehani ya mguu. Mama yangu aliniletea nilipoolewa, kutoka kwake Kisarawe, na ili aipate aliuza minazi yake yote ya upande wa bondeni, iliyokuwa ndiyo chumvi yake na mafuta yake ya taa. Aliniambia, "Mwanangu, sitaki uje ukamnyooshee mwanamume mkono." Nikashonea magauni ya watoto wa jirani, foronya na kanzu za sikukuu. Haikutengenezewa ngozi cherehani ile. Sindano zilivunjika, moja ikaniingia kidoleni ikatokea upande wa pili. Nikajifunza mwenyewe: ngozi niliipaka sabuni ili iteleze, uzi niliupitisha kwenye mshumaa, na penye mikunjo minene niliacha kukanyaga nikawa nazungusha gurudumu kwa mkono, tundu baada ya tundu. Nyumba ikanuka ngozi na gundi mpaka wali wangu ukawa haulikiki.

Wenye magari walipokuja kuchukua viti vyao, nilitakiwa nibaki ndani. Si kwa heshima, msidanganyike. Aliniambia wazi, "Wakijua mwanamke ndiye kashona, nani ataleta gari lake hapa?" Kabla hajafungua mlango alivaa kidoleni subana yangu ya chuma, ile ya kukinga sindano, akajitundikia futi yangu shingoni, na uzi kidogo akauacha begani kama umemwangukia. Nilimwona kwa upenyo wa pazia akipitisha kidole juu ya mshono wangu na kuueleza. Alieleza vizuri kuliko mimi niliyeushona.

Basi akatokea tajiri mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa mjini. Gari lake lilikuwa kubwa na zuri, lakini viti vimechakaa, na alitaka vyote vivalishwe upya, vya mbele na cha nyuma, kwa ngozi ya rangi ya damu ya mzee. Ngozi alinunua mwenyewe. Nilipoikunjua kitandani niliipapasa kwa kiganja. Ilikuwa laini kama sikio la mbuzi.

Wakati huohuo zikaja habari za mama. Mtu wa Kisarawe aliyeleta mihogo sokoni alinitafuta akaniambia miguu ya mama imekataa; ameanguka kisimani, na tangu hapo hasimami, anajikokota kwa makalio mpaka jikoni. Kumpandisha kwenye lori la mkaa mtu wa namna hiyo haiwezekani. Nikamlilia mume wangu. Alifikiri kidogo, kesho yake akarudi anacheka.

"Nimeongea na tajiri," akasema. "Ufundi wetu hataulipa kwa pesa. Atatupa gari, siku nzima, na dereva wake na petroli yake."

"Gari la kwenda Kisarawe?"

"Sasa unadhani la kwenda wapi? Tumlete mama. Wewe shona tu, shona vizuri."

Nilimshukuru. Nilimshika miguu, na mpaka leo mikono yangu inanikera nikikumbuka.

Nilishona viti vile kama ninavyotaka nizikwe, kwa utaratibu wote. Mishono niliisogeza karibu karibu, mistari ikanyooka kutoka mgongoni mpaka chini. Vifungo nilivifunika ngozi ileile kimoja kimoja, nikavivuta kwa kamba ya katani mpaka kila kimoja kikazama kwenye kishimo chake. Na kile kiti cha nyuma, pembe ya kushoto, mahali ambapo mama angekaa, nilifanya jambo ambalo hakuna aliyelijua. Nilipasua mto wangu wa kulalia, nikatoa sufi yote, nikaitandaza juu ya usumba kabla ya kufunga ngozi. Barabara ya Kisarawe ilikuwa na makorongo. Nilitaka nyonga zake zisiumie.

Mume wangu naye alibadilika. Tulikuwa na chumba kidogo cha pili tulichoweka ngozi na vyuma. Akaondoa kila kitu, akakipaka chokaa kwa mkono wake. Alikaza kamba za kitanda. Alileta chandarua kipya, cheupe, nami sikumwomba. Nikasema moyoni, kumbe nilimdhania vibaya mtoto wa watu. Niliwasimulia majirani namna anavyomhangaikia mkwewe. Wakaniangalia, wakaitikia, "Eeh, kweli," wakaondoka. Walikuwa wanajua. Mtaa mzima ulikuwa unajua, hata mwuza maji.

Siku ya gari, Jumamosi, aliondoka asubuhi amevaa kanzu. Nilidhani kanzu ni kwa ajili ya ukweni. Nikafukiza udi kile chumba ili mama asisikie harufu ya gundi, nikapika uji wa mchele wenye tui, nikauweka pembeni ya makaa usipoe. Alasiri nikasikia honi. Nilitoka nikikimbia, kanga moja kichwani, nyingine sijaifunga vizuri.

Gari lilikuwa limesimama mlangoni, linang'aa. Wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa, nikaona wamekuja kumpokea mgonjwa, nikawaambia ahsanteni. Dereva akafungua mlango wa nyuma. Pale penye pembe ya kushoto, juu ya sufi ya mto wangu, alikaa mtu amefunikwa gubigubi kwa kanga, kichwa ameinamisha, na ubavuni pake bibi mmoja nisiyemjua. Nilidhani ni wa ukoo wetu, amemsindikiza. Mama yangu, nikasema, kawa mdogo namna hii! Ugonjwa umemmaliza. Nikapiga magoti mchangani, nikaingiza mikono miwili ndani ya gari.

"Mama, shikamoo. Pole, mama yangu. Umefika kwako."

Kwenye kanga ukatoka mkono. Ulikuwa mkono wa msichana, una hina mpaka kwenye kiwiko.

Mtu mmoja akashindwa kujizuia akacheka, na wenzake, ili kuficha kicheko chake, wakapiga vigelegele. Yule bibi, kumbe ndiye somo, kungwi wa bibi harusi, akanishika bega. "Mke mwenzio huyu, mwanangu. Tunatoka naye Kinondoni, ndoa imefungwa leo. Wewe ndiye mkubwa, mpokee."

Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa upande wa pili wa gari, anatazama gurudumu.

"Mama yangu yuko wapi?" nikamwuliza.

"Tutamleta," akasema. "Si leo. Gari nimepewa siku moja tu."

Akanipa doti ya kanga, ile ambayo mume hampi mke mkubwa ila siku kama hiyo, akiiita zawadi. Sikusoma hata maneno yake. Baadaye niliikata vipande nikafutia mafuta ya cherehani.

Watu huniuliza kwa nini nilimpokea. Waulize wanawake waliosimama pale wakisubiri kuona nitafanya nini, ili wapate la kusimulia kisimani. Sikuwapa. Nilimshika mwali mkono nikampeleka kwenye chumba chenye chokaa, nikamlaza kwenye kitanda cha mama yangu, chini ya chandarua cha mama yangu, na uji wa mama yangu akaunywa yeye. Hakuwa na kosa. Alikuwa ameambiwa kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyetaka msaidizi. Kesho yake asubuhi, tukichambua mchele, akataka kuniongelesha vizuri akasema, "Dada, lile gari kiti chake laini! Nilisinzia njia nzima." Nikamwambia ni vizuri kwamba amefurahi, nikaingia chumbani kwangu nikalia mpaka kichwa kikaniuma. Nililala bila mto. Sufi ilikuwa imekwenda na gari.

Nilingoja hiyo siku nyingine ya kumleta mama. Kila nikiuliza, tajiri yuko safarini, au dereva anaumwa, au mvua imeharibu barabara. Wakati huo sifa za viti vya damu ya mzee zilikuwa zimefika kwa matajiri wengine. Kila aliyelipanda lile gari alimwuliza mwenyewe fundi wake ni nani. Siku moja mume wangu akaja na mkokoteni umejaa ngozi, za kahawia na nyeusi, za magari mawili, amekwisha kuahidi siku ya kumaliza. Akaziweka chumbani. "Mke wangu," akasema, "hapa ndipo tunapotoka kwenye shida."

Alipokwenda gereji kesho yake, nilimwita fundi mmoja wa kutoka bara aliyekuwa akishona sare za shule. Alikuwa ameniomba cherehani ile mara nyingi. Akaja na mkokoteni, akaikagua, akauliza mara mbili kama nina hakika. Nilimsaidia kuinyanyua. Ilipotoka iliacha alama nne za miguu kwenye sakafu, na mahali nilipokuwa nakanyagia palikuwa pamebonyea. Fedha zile nilikwenda nazo moja kwa moja mjini nikakodi teksi.

Teksi yenyewe ilikuwa kuukuu. Kiti cha nyuma kilikuwa kimepasuka kati, usumba unachungulia, springi inakuchoma ukikaa vibaya. Kisarawe nilimkuta mama mlangoni, amekaa kwenye mkeka, anamenya mihogo. Tulimbeba mimi na dereva. Nilimwekea chini kanga zangu zote nilizokuwa nazo, lakini gari liliporuka korongo alishika mlango akauma midomo. Katikati ya njia akajaribu kunichangamsha, ndivyo alivyokuwa. "Gari zuri," akasema, "ila halina fundi."

"Fundi kaacha kazi, mama," nikamjibu. Akacheka, nami nikacheka, huku nimegeukia dirishani.

Nilimpeleka hospitali kwanza. Daktari alimgonga magoti, akamchoma choma nyayo kwa pini, mama hakusikia kitu. Akaniuliza ameanguka lini. Nilipomweleza, akasema tungemleta mapema, labda. Aliposema labda, nilihisabu zile safari za tajiri, na ile homa ya dereva, na ile mvua. Nachukia neno hilo mpaka leo.

Jioni nilimwingiza mama nyumbani, nikamlaza kwenye kitanda changu mimi. Mume wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, ngozi zimemzunguka, anatazama zile alama nne sakafuni.

"Nitawashonea na nini watu?" akaniuliza. Hata kumwamkia mama hakumwamkia.

"Fundi ni wewe," nikasema.

Zile ngozi alizunguka nazo kwa mafundi wa mjini, wakaziharibu, wenye magari wakamtukana, akarudi gereji kushika taa. Jina la fundi likambakia, kwa sababu watu hawapendi kubadilisha majina. Mimi nalo sikumnyang'anya. Nililiacha limkae rohoni kila mtu akimwamkia.

Lakini usiku ule wa siku niliyomleta mama siukumbuki kwa ajili yake. Nilikuwa namkanda mama miguu kwa mafuta ya nazi, nayo haijui kwamba inakandwa. Macho yake yalikuwa yanazunguka chumbani, anatafuta kitu, pembe hii, pembe ile, mpaka yakatua pale dirishani, kwenye sakafu iliyobonyea.

"Cherehani yangu iko wapi, mwanangu?"

Nilitaka kusema uongo. Nilikuwa nao tayari, kwamba iko kwa fundi inatiwa mafuta. Lakini nyumba ile ilikuwa imekwisha kusikia uongo wa kutosha.

"Ndiyo uliyoipanda leo, mama."

Aliyajua yote, kwa sababu minazi alikuwa ameiuza yeye, na alijua aliiuza ili nisije nikawa pale nilipokuwa. Alivuta kanga akajifunika gubigubi, kichwa na mikono, akageukia ukutani. Nikaendelea kumkanda miguu mpaka mafuta yakaisha kwenye kisahani.