Mbwa Mdogo Asiyetishwa na Radi

Nianze na jambo ambalo kwa miaka mingi nilidhani ni siri yangu: naogopa mbwa. Sisemi mbwa wakali peke yao. Naogopa mbwa wote, pamoja na wanaolala juani na wale wazee wasiobakiwa na jino. Nina miaka hamsini na miwili, nina ekari mbili za majani chai juu kidogo ya Litein, nimo kwenye kamati ya kituo chetu cha kupimia majani, na majirani huniita nikawasuluhishie ugomvi wa mipaka. Nikienda, husimama barabarani na kupiga simu ili mwenye boma atoke anipokee langoni. Wao hudhani ni adabu.

Binti yetu wa mwisho ana miaka tisa. Ukitoka kwetu kwenda shuleni kwake kuna njia moja iliyonyooka, dakika kumi tu, ila inapita mbele ya lango la jirani, dereva mstaafu mwenye mbwa wawili wakubwa. Mwanzoni mwa mwaka mbwa hao walimkimbiza, na mmoja akamrarua mkono wa sweta. Hakuumia, lakini tangu siku ile hakutaka hata kuliona lango lenyewe. Jirani aliomba radhi, akaahidi kuwafunga mchana, na akawafunga siku mbili.

Nikajitolea kumpeleka. Tulishuka hadi kijitoni katikati ya majani chai, tukavuka, tukapanda upande wa pili na kutokea nyuma ya vyoo vya shule, dakika arobaini nzima. Niliwaambia watu kwamba nafanya hivyo kwa ajili ya mtoto. Kila siku tulichelewa, na kila wiki mwalimu wake alinipigia simu. Mke wangu ni muuguzi, hufanya kazi Kaplong na huondoka alfajiri, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kushika zamu yangu. Mwishowe akakata shauri: ikiwa kufikia likizo ya Agosti mtoto bado hawezi kupita njia ya kawaida, atahamia kwa dada yangu Fort Ternan, ambako shule na boma vimetenganishwa na ua tu. Dada yangu alishatandika kitanda.

Sikutaka aende. Wakubwa wake wameshaondoka, mmoja kaolewa, mwingine yuko chuoni, na huyu ndiye pekee aliyebaki wa kunibishia mezani. Nikifikiria nyumba ile bila yeye, nilijisikia vibaya hata chakula kikakosa ladha. Lakini sikusema. Nilisema tu kwamba Fort Ternan kuna joto.

Wazo la mbwa lilikuwa la mke wangu. Alisema tumtafutie mtoto mbwa mdogo, wa aina ile isiyokua, ambaye anaweza kumbeba. Akishamzoea huyo, wale wakubwa watapungua machoni pake. Nilimwambia ni wazo zuri sana, kisha nikatoka nje nikashika uzio kwa muda.

Kituo chetu cha kupimia majani ndilo bunge letu. Watu hupanga mifuko yao kwenye mstari, huchambua majani makubwa wayatoe, halafu husubiri lori la kiwanda, ambalo huja likipenda. Katika kungoja huko kila jambo hujadiliwa. Nilikosea nikataja kwamba natafuta mbwa.

Mzee mmoja alisema mtoto wa mbwa huchaguliwa kwa kushikwa ngozi ya shingo na kuinuliwa juu. Akilia, mrudishe, akinyamaza, huyo ndiye. Wa pili alisema hapana, unamfungua mdomo unatazama kaakaa, na ukikuta ni jeusi basi umepata mlinzi. Wa tatu akasema yote hayo ni ya kupoteza wakati. Unapiga kelele ya ghafla nyuma yao, wanaokimbia unawaacha wakimbie, anayebaki unambeba. Hakuna aliyeniuliza mbwa ni wa kazi gani, kwa sababu kwetu mbwa ana kazi moja: alinde boma, alale nje, ale mabaki ya ugali. Anayemwingiza mbwa nyumbani amlee na watoto huonekana ameharibiwa na mji. Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba namtafutia mwanangu rafiki mpole. Nikasema, "Nataka kali, lakini ndogo."

"Kama pilipili," mmoja akasema, na wote wakaona nina akili.

Mjini Litein kuna mama mmoja aliyehamia zamani kutoka upande wa Nyeri, anauza mbolea na chakula cha mifugo. Mbwa wake mfupi wa manyoya alikuwa amezaa stoo, watoto watano. Tulikwenda Jumamosi mimi na binti. Yeye alipanda juu ya magunia ya chakula cha kuku, sita yaliyopangana, akakaa huko kileleni. Mimi nilisimama mlangoni.

"Ingia ndani mzee," mama yule akasema. "Hii haina hata meno ya kuuma ugali."

"Naona vizuri kutoka hapa."

"Shika moja basi uone."

Nilikumbuka majaribio matatu ya kituoni. Mawili yalihitaji kumgusa mbwa, na moja kati ya hayo lilihitaji kutia vidole mdomoni mwake. Nikachagua la tatu. Nilichukua debe tupu lililokuwa karibu na mlango, nikaligonga kwa kata ya kupimia kwa nguvu zangu zote. Wanne walitawanyika. Mmoja mwekundu aliruka hadi chini ya yale magunia, akainua macho akamtazama binti yangu. Wa tano, mweupe mwenye sikio moja la rangi ya udongo, alikuwa ametupa mgongo, analamba mguu wa mizani. Nikagonga tena. Aliendelea kulamba.

"Huyo," nikasema.

"Baba, labda hajaskia," binti akasema kutoka juu.

"Ameskia. Hajali."

Mama mwenye duka alinitazama, akaangalia debe, akanitazama tena. "Hiyo imekuwa tu polepole tangu izaliwe. Chukua hii nyekundu, hii inapenda watoto."

"Sisi tunajua mbwa, mama," nikamwambia, na hadi leo nikikumbuka maneno hayo masikio hunichoma.

Kwa kuwa kwetu mtoto wa mbwa hachukuliwi mikono mitupu, nilimwachia kuku jike niliyekuja naye, kuku aliyemzidi akili mwenye kuchagua. Mbwa alisafiri ndani ya katoni ya sabuni, na katoni ilibebwa na mwenye boda boda kwenye tangi la pikipiki, kwa kuwa abiria wake wawili walikuwa na sababu zao za kutoishika.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa za fahari tupu. Kila jioni nilisimama uani, hatua kadhaa kutoka kwake, nikamwamuru mbwa akae, aje, anyamaze. Hilo la kunyamaza alilitii vizuri. Alasiri moja ikanyesha mvua ya mawe, ile inayotuchania majani, na radi ikapiga karibu hata ng'ombe akakata kamba na mimi nikajimwagia chai kifuani. Mbwa alikuwa amelala juu ya gunia barazani. Hakutikisa sikio. Kesho yake nilisimulia kituoni mpaka lori likafika, na watu wawili wakaja nyumbani makusudi kumwona mbwa asiyetishwa na radi. Walimtazama kwa heshima. Mimi nilisimama kando nikitazamwa pia.

Kisha akaja daktari wa mifugo kumwona ng'ombe aliyevimba chuchu. Alipomaliza nikamwambia asubiri kidogo, nikaleta sufuria na mwiko, nikampigia mbwa kelele mgongoni kama nilivyozoea kuwaonyesha wageni. Daktari hakustaajabu. Alichuchumaa, akapiga makofi karibu na sikio la mbwa, kisha akakanyaga ardhi kwa kisigino. Mbwa akageuka.

"Mzee, hii mbwa haiskii," akasema. "Imezaliwa hivyo. Hizi nyeupe wakati mwingine hutokea."

"Tunajua," binti akasema kutoka mlangoni.

"Nani anajua?"

"Mimi na mama. Tangu wiki iliyopita."

Jina nililompa yule mbwa sitalitaja hapa. Nililiita wiki tatu uani, mke wangu akinisikiliza kutoka jikoni, na mwenye jina ndiye pekee ambaye hakulisikia.

Binti alikuja akaketi chini mbele ya mbwa, akanieleza taratibu kama anayemfundisha mtoto mchanga. Usimguse kutoka nyuma. Ukimtaka, kanyaga chini kwa mguu, atahisi, atatazama. Ukimwonyesha kiganja, anakuja. "Akiguswa kama hajaona mtu anaogopa sana, Baba," akasema. "Kama mimi." Alisema hivyo huku kichwa cha mbwa kimelala mapajani mwake. Nilikuwa nimeshughulika na ushujaa wa mbwa kiasi kwamba sikuona mtoto wangu alianza lini kumshika.

Mtu mwenye busara angeishia hapo na kushukuru. Mimi niliona aibu ya kituoni tu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya likizo, nikasema kesho tunamrudisha Litein, tunachukua yule mwekundu, kwa sababu mbwa asiyesikia hawezi kumlinda mtu.

"Ukimrudisha," binti akasema, bila kupandisha sauti, "nipeleke Fort Ternan siku hiyo hiyo."

Mbwa akabaki. Kituoni nilisema ana mafua.

Jumatatu moja, siku za mwisho za muhula, tulitoka kushika njia yetu ndefu. Lango nililiacha wazi mwenyewe, nikitafuta simu mifukoni. Mbwa akapita katikati ya miguu yetu, akashika njia iliyonyooka, mkia juu, akielekea kwa dereva mstaafu. Nikamwita. Nilimwita kwa jina lake mara tatu, kwa sauti ninayotumia kwenye mikutano ya kamati.

"Baba, unaita nani?" binti akaniuliza, na kabla sijajibu alikuwa ameshaanza kukimbia.

Nami nilikimbia, naomba ieleweke hivyo. Nilikimbia hadi pale uzio wa jirani unapoanza. Mbwa wale wawili walikuwa wameshatoka langoni, na mbwa wetu alikuwa amewapa mgongo, ananusa nyasi, hana habari. Binti alifika, akakanyaga ardhi kwa kiatu cha shule. Mbwa mdogo akageuka, akaona kiganja, akamjia, naye akambeba kifuani. Wale wakubwa wakamzunguka wakibweka. Sauti ya binti ilikuwa inatetemeka, niliisikia, lakini aliwakemea, akainama kama anayeokota jiwe. Jiwe halikuwepo. Mbwa wakarudi nyuma. Akainama tena, wakarudi tena, naye akapita mbele ya lango akitembea, hakukimbia. Alipofika upande wa pili aligeuka kunitafuta, na hakunikuta barabarani. Nilikuwa ndani ya majani chai hadi kifuani, na sikumbuki niliingia vipi.

"Baba, pita," akasema. "Ukiinama wanaogopa."

"Nakuja. Wewe tangulia usichelewe."

Alingoja. Nadhani alingoja muda mrefu kuliko nilivyostahili. Mbwa wale walikuwa wamelala sasa katikati ya njia, wakinitazama. "Basi nitaenda naye," akasema mwishowe. "Mpishi wa uji wa shule atanishikia." Akaenda zake, kichwa cha yule mbwa kikichungulia begani mwake. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sijawahi kufurahi hivyo asubuhi, vyote viwili kwa wakati mmoja, nikiwa nimesimama kwenye chai ya mtu.

Jioni nilikwenda kumchukua. Nilishuka hadi kijitoni, nikavuka, nikapanda, nikatokea nyuma ya vyoo. Mlinzi wa shule aliniambia, "Huyo ameenda kitambo, mzee. Yeye na kambwa kake." Nikarudi nilikotoka.

Nilimkuta amebadilisha nguo, anakunywa chai, mbwa yuko miguuni pake. Mke wangu alikuwa amerudi mapema na alikuwa kwenye simu na dada yangu. "Hapana, hakuji," alikuwa anasema. "Hiyo kitanda patia mtu mwingine." Alipokata simu akaniuliza tulipishana wapi na mtoto.

"Nilipitia chini," nikasema. "Nilikuwa naangalia majani."

Alitazama suruali yangu, iliyolowa hadi mapajani. "Miaka ishirini na sita ya ndoa," akasema, "na kila mahali kuna mbwa, wewe unaangalia majani." Hakucheka. Akanimiminia chai, akamgeukia binti. "Kesho ukienda shule, mpitishe na baba yako pale langoni."

Binti alinitazama kidogo akifikiria.

"Sawa," akasema. "Lakini asikimbie. Na anishike mkono."