Tumbo Lililodhaniwa Shibe

Mtaa mzima ulimwita fundi yule wa nguo Mama Jicho, kwa sababu hakuwahi kumpima mteja kwa tepu. Alikutazama mara moja juu hadi chini, mkasi ukaingia kitambaani, na nguo ikakukaa. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na fundi huyu alisifiwa sana.

Mumewe, dereva wa lori, alipoondoka kwa safari ndefu alimwachia watoto wawili wa mbwa. Mama yao, aliyelinda lori lile miaka mingi, alikuwa amegongwa na pikipiki, akafa.

"Mke wangu, hawa ndio waliobaki. Nitunzie."

"Nenda salama, baba. Utawakuta wamenenepa."

Wakanenepa kweli, au ndivyo jicho lilivyosema. Matumbo yakavimba, yakakaza kama ngoma. Jirani yake muuza maziwa akauliza mbona manyoya yamefifia na mbavu zinahesabika.

"Wewe unatazama mbavu, tazama tumbo! Hiyo shibe, mwenzangu. Au unaona wivu?"

Akaongeza uji.

Asubuhi moja akamkuta yule mweusi amekufa chini ya cherehani. Alikuwa bado amesimama na bakuli mkononi pale wa pili, yule wa kahawia, alipotapika miguuni pake. Katika matapishi mlikuwa na uzi mweupe. Mama Jicho akainama auokote, maana uzi hautupwi ovyo. Uzi ukajikunja wenyewe.

Alimfunga mtoto yule kwa kitambaa cha suruali ya mteja, akatoka mbio, mlango wazi nyuma yake.

Daktari wa mifugo, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, akamfungua mbwa mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe.

"Amepewa dawa ya minyoo?"

"Jamani, hana hata miezi miwili! Minyoo kaitoa wapi?"

"Kwa mama yake. Huipata tangu tumboni, na kwenye maziwa. Hili tumbo si shibe, dada. Unalisha minyoo, yeye anakonda."

Aliiona chupa ya dawa mezani, akaikamata. "Basi mpe yote! Mpe apone!"

Daktari akamshika mkono. "Weka chini. Hii hupimwa kwa uzito, ukizidisha unammaliza. Kwani unadhani ana kilo ngapi?"

"Tatu," alijibu papo hapo, kama alivyozoea.

Wakamweka kwenye mizani. Ilisoma moja na nusu. Mama Jicho akaitazama namba ile mpaka macho yakamwuma.

Dawa ilikuwa kidogo tu, ikasukumwa mdomoni kwa bomba la sindano. Kisha daktari akaonya: minyoo ikiwa mingi, ikifa kwa pamoja inaweza kuziba utumbo. Wasubiri. Mama Jicho akakaa kwenye benchi, mkono juu ya tumbo lile gumu, akiogopa kila mara mtoto alipolia, na akiogopa zaidi alipoacha kulia.

Mchana ukapita. Alasiri mtoto akajikokota pembeni, akachutama, akatoa fundo zima la minyoo. Hakuna binadamu aliyewahi kufurahia kinyesi namna ile. Mama Jicho alilia machozi.

"Usishangilie," daktari akasema, akikizoa kwa glavu. "Minyoo michanga bado imejificha mwilini, dawa hii haiifikii. Mrudishe baada ya wiki mbili, tumpime tena, tumpe tena. Kinyesi kizoe kila siku, unawe mikono. Hata watu huambukizwa."

Alimrudisha, na akamrudisha tena.

Mume aliporudi, mbwa mmoja tu ndiye aliyemkimbilia, mwembamba, manyoya yanang'aa.

"Mwenzake yuko wapi?"

"Alikufa, baba. Niliambiwa, sikusikia. Niliona tumbo nikasema shibe."

Dereva akakaa kizingitini, mbwa akimlamba viatu. Kisha akaingia ndani, akamwonyesha suruali yake iliyochanika gotini. Anahitaji nyingine, akasema, safari ni kesho.

Mama Jicho akavuta droo. Akatoa tepu mpya, akaizungusha kiunoni mwa mtu ambaye amemshonea nguo tangu waoane.

"Hata mimi wa kupimwa?" akauliza mumewe.

"Simama vizuri," alisema. Kisha akapima mara ya pili.