Ndimu za Shangazi Tabu

Ipo siku moja ya masika, mjukuu wangu, inayonirudia kila nikisikia harufu ya ndimu. Nilikuwa mwali, nimewekwa ndani kwa shangazi yangu Tabu kule Munisagara, harusi ikiwa imekaribia. Nyumba yake ilikuwa karibu na reli. Treni ikipita vikombe vilitetemeka kabatini, naye alinyamaza mpaka ipite, kisha akaendelea na neno pale pale alipoliachia. Nampenda mpaka leo yule mama.

Alinifundisha mengi mazuri, hata namna ya kumchekesha mume aliyenuna. Akanifundisha pia kujiosha ndani ya uke, asubuhi na jioni, kwa kidole, kwa maji ya ndimu na povu la sabuni. "Mwanamke ni usafi," aliniambia. "Mume asikute harufu yoyote."

Mwanzoni niliwashwa tu. Baadaye nikawa naungua hata nikikojoa, na ukaanza kunitoka uchafu wenye harufu ambayo sikuwa nayo kabla. Nilipomwambia, akaongeza ndimu. Nikawa nalia ndani ya khanga, maana nilijiona naenda kwa mume nikiwa nimeoza. Alipoona siwezi hata kukaa, shangazi akaogopa. Mwali hatolewi nje ovyo, lakini alinifunika gubigubi tukapanda treni kwenda hospitali Kilosa.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo. Tulimwamkia, akanipima, akanipa dawa, halafu akauliza najiosha na nini. Mimi nikatazama chini. Shangazi akajibu mwenyewe, tena kwa kujivuna.

Yule mama hakugomba. "Dada, nyumbani unagandisha maziwa?"

"Nagandisha. Wafugaji wananiletea kila asubuhi."

"Kile kibuyu unakisugua kwa sabuni na ndimu?"

Shangazi akacheka. "Thubutu! Nikiutoa ule mtindi uliobaki chini, maziwa mapya yatagandishwa na nini? Si yataharibika?"

"Basi na ukeni Mungu ameweka vijidudu vizuri vinavyolinda. Mkiviosha, vibaya vinapata nafasi. Ndani panajisafisha penyewe. Osheni nje tu, kwa maji."

Shangazi akanyamaza, na wala hapakuwa na treni inayopita.

Tulipokuwa tunarudi, aligeukia dirishani akasema taratibu, "Miaka yote hii naungua, mwanangu. Nilidhani kila mwanamke anaungua hivi." Nilimshika mkono. Sikuwa na hasira naye hata kidogo. Niliona uchungu tu, kwa sababu na yeye alifundishwa hivyo hivyo na mama yake.

Harusi ikasogezwa mbele. Wakwe kutoka Vidunda walinung'unika, shangazi akawajibu kwamba mwali wake anaumwa na hatoki mpaka apone. Wiki ile ile na yeye akarudi Kilosa kutibiwa. Mabinti waliokuja kufundwa baada yangu aliwafundisha yote isipokuwa hilo, na ndimu zake zikabaki za kukamulia samaki.

Ndiyo maana juzi, hapa kwangu Mikumi, nilipoiona bafuni ile chupa yako ya kujioshea ukeni, yenye picha ya waridi, uliyoagiza kwa simu kutoka Dar, sikupiga kelele. Niliketi kwanza. Siku hizi ndimu imewekwa kwenye chupa nzuri, mambo ni yale yale. Nisikilize, mjukuu wangu. Usiingize kitu ukeni kwa kujisafisha: si ndimu, si sabuni, si shabu, si manukato. Osha nje kwa maji safi, inatosha. Ute kidogo na harufu yako ya kawaida si uchafu, ndivyo ulivyoumbwa. Ukiona muwasho, maumivu, au harufu iliyobadilika, usiifukuze kwa kuosha. Nenda zahanati, na kama unaona haya niambie nikusindikize, magoti haya bado yanatembea. Na mwanamume akikuambia unanuka, usikimbilie dukani. Kapimwe, na yeye akapimwe.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe mwili usiouonea haya na mume anayeuheshimu. Na siku utakapokaa na binti yako kumfunda, usiwe na maumivu yoyote ya kumrithisha.