Mwalimu aliniuliza kama nilimwona mwanangu akisoma, nikamjibu nilimsikia tu

Ijumaa, katikati ya mwezi wa nne. Mvua imepiga toka alfajiri hadi saa sita, mashamba ya mpunga huku Ngonga yamejaa maji, kupalilia hakuna.

Wakuu habari zenu. Mimi humu ni msomaji wa kimya. Kuandika naogopa, niliishia darasa la saba na wengi wenu mmesoma. Ninachosimulia ni cha leo hii, chumvi siongezi, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Nina binti, Atupele, yuko darasa la nne.

Mwalimu wao wa Kiswahili ameanzisha utaratibu. Mtoto anaazima kitabu cha hadithi, anakaa nacho wiki, anakisoma mwenyewe bila kusaidiwa, halafu anaandika ukurasa mmoja: kinahusu nini na yeye ameonaje. Ukifanya vizuri unaazima kingine. Ikionekana umeandikiwa, unatolewa kwenye zamu, maana vitabu ni vichache.

Niwe mkweli, mwalimu ana haki. Wapo wazazi wamewaandikia watoto, mmoja hata mwandiko hakujisumbua kuubadilisha.

Atupele alipata hadithi ya mtu na bata wake. Bata wanaingia kwenye mpunga wa jirani, jirani anamkamata mmoja anamla, mwisho jirani anaadhibiwa.

Yeye akaandika: "Jirani alikosea kula bata wa watu. Lakini mwenye bata naye alikosea, kwa sababu mpunga ulioliwa hakuna aliyeuulizia. Mimi ningewaita wote wawili."

Leo kulikuwa na kikao cha wazazi darasani, watoto nao wakiwepo. Mwalimu akanisimamisha mbele za watu.

"Mama Atupele, haya kweli ni maneno ya mtoto wa darasa la nne? Ulimwona akisoma mwenyewe?"

Nikasema, "Mwalimu, kumwona sikumwona. Nilimsikia."

"Mnakaa pamoja, hukumwona?"

Darasa zima likacheka. Wenyeji walishaelewa, mwalimu ni mgeni huku.

Iko hivi wakuu. Atupele kila jioni anaenda kumsomea babu yake, yaani baba mkwe wangu, ana nyumba yake hapo hapo kwetu. Na kwa mila ya Kinyakyusa, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Siku hizi wengi wameacha. Mzee wetu bado ameishika, na mimi namheshimu.

Kwa hiyo mimi niko jikoni, katikati kuna ua wa matete, nasikia sauti ya mtoto basi.

Mzee macho hayaoni vizuri, kusoma hawezi. Ila kila ukurasa anauliza, "Na yule mwingine naye anasemaje?"

Pale darasani nikamwambia mwalimu kwamba anamsomea babu yake, na hilo la maswali nalo nikalisema, maana ni kweli.

Mama jirani yangu akanivuta kanga. "We nawe, si useme tu ulimwona! Unamuuza mwanao?"

Nilijiona mjinga wakuu. Atupele kainamisha kichwa. Zamu yake ilikuwa inaondoka hivi hivi, na huyu mtoto anasoma hadi magazeti ya kufungia maandazi.

Mwalimu akasema, "Basi aje huyo babu."

Kwetu ni karibu na shule. Atupele akamfuata mwenyewe. Kikohozi cha mzee nilikisikia wakiwa bado uwanjani, nikatoka mbio, nikazunguka nyuma ya darasa.

"Sasa na mama naye anakimbia?" Mwalimu alishangaa, watu wakacheka tena.

Nikasimama chini ya dirisha, kwenye tope. Nikamsikia mzee akisalimia kwa Kinyakyusa.

"Ugonile, mwalimu. Mimi nikisema alisoma, mtasema anamtetea mjukuu wake. Mpe kitabu kingine. Uchague wewe. Mimi nanyamaza."

"Haya mzee, hapo sawa."

Atupele akaanza kusoma. Hadithi yenyewe ni msichana katumwa maji, kachelewa, mama yake kamchapa. Kuna neno likamkwamisha. Hakuna aliyemsaidia. Akarudi mwanzo wa sentensi, akalivuka, akaendelea.

Mwalimu akamsimamisha. "Umeonaje?"

"Msichana alikosea kuchelewa. Lakini mama yake naye hakumuuliza kisimani kulikuwa na nini."

"Na ungekuwa wewe ndiye mama?"

"Ningemuuliza kwanza. Halafu ningemchapa."

Darasa likapasuka kwa kicheko, sauti ya mzee ikiwa juu ya zote.

Mwalimu akamwambia, "Kaa nacho hicho, ukakimalizie nyumbani." Akasema mbele ya wazazi wote kwamba alimdhania vibaya. Siyo kila mtu angesema hivyo, nampa sifa zake.

Mimi huko nje machozi yananitoka, miguu imezama kwenye tope hadi kwenye vifundo, na sijawahi kujisikia mtu mzito kama leo. Mtoto wangu, mtoto wa mama wa darasa la saba.

Nilichojifunza ni hiki. Ningedanganya kwamba nilimwona, huenda kitabu angepewa. Lakini hakuna ambaye angemsikia akisoma.

Ila lipo linalonisumbua. Mwalimu alisema bila kusaidiwa. Je, yale maswali ya babu si msaada? Upande mmoja naona ni msaada, upande mwingine naona jibu alilitoa mwenyewe. Walimu mliomo humu na wazazi wenzangu, niambieni mnavyoona, hata kunipinga sichukii. Ndaga, yaani asanteni.

Jioni hii tumekula wali na usipa, dagaa wa huku, walioungwa karanga. Atupele kampelekea babu yake sahani na kile kitabu kwapani. Chakula chake nimekifunika, hajarudi.