Puli Niliyoiandika Jina Langu

Tangu Jumamosi naogopa hata kupita sokoni Mwingi. Kikundi chetu cha wafugaji nyuki kilikuwa kimenipa kazi ndogo tu, kuunganisha mota na pipa la kukamulia asali kwa mkanda: mota ilikuwa na mbio sana, na pipa lilitakiwa lizunguke polepole. Nikajiambia, kitu kikubwa hutembea polepole, si muangalie chifu wetu! Basi kati ya puli mbili, yale magurudumu ya kupitishia mkanda, kubwa nikaifunga kwa mota, na ndogo kwa pipa. Ili mjinga fulani asije akazibadilisha, ile kubwa nikaiandika kwa rangi nyekundu: MOTA. FUNDI NI MUSYOKA.

Siku ya kuwasha, Mzee Kilonzo, baba ya Mwende ninayetaka kumuoa, alisimama mbele kabisa. Pipa likazunguka kwa kasi kuliko mota yenyewe, masega yakapasuka, na asali ikamrukia mzee kuanzia kofia hadi viatu.

"Nani amebadilisha puli zangu?" nikafoka.

Mzee aliinamia mota, akapapasa ile rangi nyekundu.

"Mwende," akaita, "kuja unisomee hapa. Macho yangu yamejaa asali."

Mwende akasoma, kwa sauti yake ya kwaya.